Uzi wa Zamani: Lini Uufufue, Lini Uuache, na Namna ya Kuujibu

Uzi ni mfululizo wa mabandiko kwenye jukwaa la mtandaoni: swali au mada moja na majibu yake yote. Kabla hujajibu uzi wa zamani, tazama tarehe kwanza. Usiishie kwenye tarehe ya bandiko la kwanza. Shuka hadi bandiko la mwisho, maana hilo ndilo linalokuambia kama wazungumzaji bado wapo au walishatawanyika. Uzi ulioanzishwa 2014 na watu wakauchangia juzi ni uzi hai, ingia uchangie. Uzi ulioanza na kuisha ndani ya wiki moja mwaka 2019 ni jambo jingine kabisa. Kwenye simu tarehe hujificha: huandikwa kwa herufi ndogo zenye rangi hafifu, au hufupishwa ikawa "miaka 6" pembeni ya jina. Na mtu aliyeletwa moja kwa moja na matokeo ya utafutaji anakuwa na haraka ya jibu, tarehe haimjii akilini. Kwa hiyo jizoeze kuitafuta kabla hujaandika neno lolote.

Mimi ni msimamizi wa jukwaa la mafundi wa redio na amplifaya, wengi wao watu wanaojifunza wenyewe nyumbani. Wanaoniona kwa mbali hudhani kazi yangu ni kufuta matusi. Matusi ni machache. Kinachonichukulia muda ni kuamua la kufanya pale mtu anapojibu swali ambalo hata aliyeliuliza alishalisahau. Nimeona uzi wa zamani ukifufuliwa na kuwanusuru watu na moto, na nimeona mwingine ukifufuliwa kwa neno "up" tu, ambalo watu huliandika ili uzi upande juu, watu kumi wakakesha wakimshauri mtu ambaye hayupo. Tofauti kati ya hizo mbili inafundishika.

Elewa kwanza kinachotokea unapojibu. Kwenye majukwaa mengi jibu jipya huupandisha uzi hadi juu ya orodha, hata kama ulilala miaka tisa. Kila aliyeufuatilia hupata arifa, na wengine hupata barua pepe. Anayeukuta pale juu hudhani ni wa leo: anasoma bandiko la kwanza, anaruka kurasa nne za katikati, anaanza kutoa ushauri kuhusu amplifaya ambayo huenda ilishauzwa au kutupwa. Wakati huohuo swali la mtu mwenye shida ya leo linasukumwa chini, pengine hadi ukurasa wa pili ambako wachache hufika. Hiyo ndiyo gharama ya jibu lako, na wanaoilipa ni watu wengine. Ukiwa na kitu chenye thamani inayozidi gharama hiyo, jibu bila woga.

Hali haikuwa hivi tangu mwanzo. Kwenye Usenet, mtandao wa majadiliano ulioanza 1980, seva zilihifadhi ujumbe kwa siku au wiki chache kisha zikaufuta ili kupata nafasi, hivyo mazungumzo yalijifia yenyewe na hapakuwa na cha kufufua. Programu za kuendeshea majukwaa kama phpBB na vBulletin, ambazo zilianza kuenea kuanzia 2000, zilihifadhi kila kitu na zikapanga nyuzi kwa kufuata jibu la mwisho. Injini za utafutaji nazo zikawa zinamfikisha mgeni kwenye ukurasa wa miaka kumi nyuma kana kwamba umeandikwa asubuhi hii. Hapo ndipo lawama za "kufukua makaburi", yaani kufufua nyuzi zilizokufa, zilipopata nguvu. Wajapani walilitazama suala hili mapema na kwa busara: kwenye 2channel, jukwaa lililoanzishwa 1999, mchangiaji aliweza kuandika neno "sage" kwenye sehemu ya barua pepe, na jibu lake likaingia kwenye uzi bila kuupandisha juu. Mtu alisema alichonacho, na hakumsukuma mwenzake. Natamani kila jukwaa lingekuwa na kitufe cha namna hiyo.

Kwa kuwa majukwaa mengi hayana, soma kanuni za mahali ulipo, kwa sababu hazifanani hata kidogo. Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya waandika programu, inakaribisha majibu ya kuchelewa kiasi kwamba inatoa nishani iitwayo Necromancer (mfufua wafu) kwa anayejibu swali zaidi ya siku 60 baada ya kuulizwa na jibu lake likapata alama 5 au zaidi. Pale swali huhesabiwa kuwa mali ya wasomaji wote, hata waliokuja mwisho. Reddit kwa miaka mingi ilifunga machapisho yenyewe baada ya miezi sita, na tangu 2021 kila jamii inaamua kama iyafunge au iyaache wazi. Kwenye Wikipedia majadiliano ya zamani huhamishiwa kwenye kurasa za kumbukumbu, na hizo haziguswi: unaanzisha sehemu mpya kwenye ukurasa wa majadiliano na kuweka linki ya yale ya zamani. Majukwaa yanayoendeshwa kwa programu ya Discourse yanaweza kukuonya kabla hujatuma kwamba mada imelala muda mrefu. Onyo la namna hiyo si katazo. Linakuuliza tu kama una uhakika, nawe lijibu swali hilo kwa dhati.

Sasa nije kwenye nyuzi zinazostahili kufufuliwa.

Ya kwanza ni swali lililokosa jibu. Mtu aliuliza kwa nini amplifaya yake inanguruma hata sauti ikishushwa hadi mwisho, akaeleza vizuri, akaweka vipimo vya mita, na hakuna aliyemjibu. Wewe leo una tatizo lilelile, umelitatua kwa kubadilisha kapasita (vipuri vinavyotunza chaji ya umeme) za kuchuja umeme zilizokauka. Jibu! Usijali kwamba alikwisha kuondoka. Wanaoufikia uzi huo kwa kutafuta wataendelea kuufikia miaka mingi ijayo, na kila mmoja atakuta swali lake limeandikwa kwa maneno yaleyale aliyokuwa nayo moyoni, halafu chini yake ukimya. Jibu moja lililokamilika pale lina faida kuliko majibu ishirini kwenye uzi mpya ambao hakuna atakayeuona.

Ya pili ni ushauri wa hatari. Hapa sina simile: fufua uzi hata kama una miaka kumi na mitano. Kwetu kuna mabandiko ya zamani yanayoelekeza kufunga kipande cha waya mahali pa fyuzi iliyoungua "kwa muda", na mengine yanayosema kapasita kubwa imalizwe chaji kwa kugusisha bisibisi kwenye miguu yake miwili. La kwanza linaweza kuchoma nyumba. La pili linarusha cheche, linaweza kuharibu kapasita na bisibisi, na kumuumiza aliyeishika. Kapasita humalizwa chaji polepole kupitia rezista (kipuri kinachopunguza mkondo wa umeme) inayofaa, kisha inapimwa kwa mita kabla ya kuguswa. Bandiko lenye kosa la aina hiyo halizeeki. Linaendelea kufundisha kila siku. Andika masahihisho, kisha mjulishe msimamizi ili aweke onyo juu kabisa ya bandiko lenyewe, kwa sababu wasomaji wengi hawatafika chini ulipoandika wewe. Fanya yote mawili.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda kuliko zote: aliyeuliza kurudi. Wanajukwaa wamehangaika naye kurasa tatu, wamemwomba apime hapa na pale, kisha akaandika "asanteni wakuu, imeshapona" akaenda zake. Imeponaje? Hakusema. Kila anayekuja baadaye akiwa na ugonjwa uleule anasoma yote hayo na kuishia ukutani. Kama una uzi wa namna hiyo popote duniani, rudi. Miaka minane si mingi. Andika ulichokikuta, ulichokibadilisha na kama kifaa bado kinafanya kazi. Hiyo ya mwisho ni taarifa ambayo mtu aliyejibu siku ileile hawezi kuwa nayo: kwamba tiba ilidumu. Hakuna msimamizi mwenye akili atakayekukemea kwa hilo, na akikukemea basi amekosea yeye.

Ya nne ni linki na picha zilizokufa. Uchunguzi wa Pew Research Center, taasisi ya utafiti ya Marekani, uliotolewa 2024 ulionyesha kuwa asilimia 38 ya kurasa za wavuti zilizokuwapo 2013 hazikuwa zikifikika tena mwaka 2023. Kwenye majukwaa ya ufundi hali huuma zaidi kwa kuwa somo zima mara nyingi limo kwenye picha. Mwaka 2017 Photobucket, tovuti ya kuhifadhi picha, ilipoanza kudai malipo kwa picha zilizohifadhiwa kwake na kuonyeshwa kwenye tovuti nyingine, maelfu ya mabandiko ya maelekezo yalibaki maneno matupu: "kama unavyoona hapa chini", na chini hakuna kitu. Ukiipata nakala ya mchoro wa sakiti kwenye Wayback Machine, tovuti inayotunza nakala za kurasa za zamani, au ukiwa nayo kwenye kompyuta yako, ipakie tena kwenye jukwaa lenyewe na useme ni ya bandiko lipi. Huko ni kufufua kwa maana halisi, na hakuhitaji maelezo marefu.

Shida yako mwenyewe, hata ikifanana na ya zamani, ianzishie uzi mpya. Najua inashawishi kuandika "na mimi yangu inafanya hivyohivyo, nisaidieni" chini ya mazungumzo ambayo tayari yana mafundi. Lakini dalili zinazofanana mara nyingi zina chanzo tofauti. Mngurumo unaweza kutoka kwenye kapasita, kwenye waya wa ardhi (earth) uliolegea, au kwenye kebo ya kuingizia sauti. Mafundi wakianza kukujibu wewe na wengine wakiendelea kumjibu yule wa zamani, vipimo vinachanganyika, na baada ya kurasa mbili hakuna anayejua volti zipi ni za kifaa kipi. Mtu mmoja anaweza kufuata ushauri uliomhusu mwingine na kuunguza transista. Anza upya, weka linki ya uzi wa zamani, na eleza ulichokwisha kukijaribu kutoka humo. Kwa mfano:

"Wakuu, amplifaya yangu inanguruma hata sauti ikiwa sifuri. Nimesoma uzi huu wa 2016 [linki] na nimebadilisha kapasita zote mbili kubwa kama fundi alivyoelekeza kule, mngurumo umepungua lakini haujaisha. Nikichomoa kebo ya kuingizia sauti unabaki vilevile. Vipimo vyangu ni hivi."

Anayesoma hapo anajua ulitafuta kwanza, hatakurudisha ulikotoka, na anaanzia pale ulipokwama. Bandiko la namna hiyo hupata majibu haraka kuliko yote ninayoyaona.

Shukrani tupu, "nami pia", na "up" zisiandikwe kwenye uzi uliolala. Shukrani ni kitu kizuri na sitaki mtu aache kushukuru. Tumia kitufe cha kupenda au mwandikie mhusika ujumbe wa faragha, atafurahi zaidi kuupata peke yake. Mwanzoni mwa 2016 wasimamizi wa miradi mingi ya programu huria waliiandikia GitHub, tovuti wanakohifadhi miradi yao, barua ya wazi, na moja ya kero walizozitaja ilikuwa maoni ya "+1" (yaani "nami pia") yaliyorundikana kwenye ripoti za hitilafu. Machi mwaka huohuo GitHub ikaongeza vitufe vya hisia ili mtu akubaliane bila kumwamsha kila aliyejiunga. Kitufe kipo karibu kila mahali siku hizi. Kitumie.

Ugomvi uliokwisha uache ulale. Mtu aliyekosea kwa ukali mwaka 2017 huenda leo anafikiri tofauti, na kumnukuu sasa ili kumjibu ni kumlazimisha asimame na maneno aliyokwisha kuyaacha. Kama hoja yenyewe bado ina uzito, iandike upya kwa maneno yako bila jina lake. Matangazo ya kuuza navyo usiyaguse: "bado ipo?" chini ya tangazo la miaka mitano ni kelele tu.

Nataka nikae kidogo kwenye jambo ambalo miongozo mingi hailigusi. Kila jukwaa lililodumu lina waandishi waliokwisha kufariki. Majina yao bado yapo, picha zao bado zipo, na mabandiko yao bado yanafundisha. Mgeni hajui, anamwita kwa jina: "mkuu, uko wapi, njoo unijibu." Arifa inaweza kuingia kwenye simu ambayo sasa iko mikononi mwa mjane au mtoto wake. Simlaumu mgeni, hakuna aliyemwambia. Ila kabla hujamwita mtu kwa jina kwenye uzi wa zamani, bonyeza jina lake uone mara ya mwisho alionekana lini. Kama ni miaka, usimwite. Elekeza swali kwa wote. Na ninyi wasimamizi wenzangu, wekeni alama ya heshima kwenye akaunti hizo ili watu wajue. Uzi wa kumwombolezea mwenzetu, huo unaweza kufufuliwa wakati wowote na mtu yeyote aliyenufaika naye, hata kama hawakuwahi kukutana. Hapo kanuni zote nilizozitaja hazifanyi kazi.

Ukishaamua kujibu, liandike jibu kwa ajili ya mtu ambaye hajasoma chochote kilichotangulia. Sentensi ya kwanza itaje umri wa uzi, ili asiyeangalia tarehe aione kwako. Kisha nukuu kipande kile tu unachokijibu. Mwongozo wa adabu za mtandao uitwao RFC 1855, wa Oktoba 1995, ulikwisha kusema hivyo: weka muhtasari au sehemu ndogo ya maandishi ya mwanzo inayotosha kumwonyesha msomaji unazungumzia nini. Kunukuu bandiko lote lenye picha kumi na mbili ili uongeze mstari mmoja kunamchosha anayesoma kwenye simu na kunamla bando. Baada ya hapo sema nini kimebadilika tangu wakati ule: kipuri hakitengenezwi tena, toleo jipya la programu limeondoa menyu hiyo, au njia bora imepatikana. Mfano ninaoupenda ni huu:

"Uzi huu ni wa 2015, najibu kwa ajili ya watakaoufikia kwa kutafuta. Fundi alisema hapo juu: 'weka kapasita yoyote yenye uwezo uleule.' Naongeza jambo moja: angalia na volti zake. Ziwe sawa na za ile ya zamani au zizidi, zisipungue kamwe, na upande wa hasi ukae palepale ulipokuwa. Ukiikosea, inaweza kuvimba na kupasuka."

Hakuna "samahani kwa kufukua kaburi" hapo. Ombi hilo la radhi limezoeleka, nami ningependa liishe. Kama jibu lako lina faida, hujamkosea mtu. Kama halina, samahani hailiongezei faida. Sema tarehe, toa ulichonacho, basi.

Sauti nayo ina adabu yake. Anayemsahihisha mtu wa 2012 anajua mambo ambayo yule hakuweza kuyajua. Ushauri wake pengine ulikuwa bora kabisa kwa wakati wake. Andika "siku hizi inafanyika hivi", usiandike "huyu alikuwa anadanganya watu". Msomaji atakuamini zaidi, na mwenyewe akirudi hatakuwa na sababu ya kukasirika.

Kwa wenyeji wa jukwaa nina ombi. Mtu mpya akifufua uzi pasipostahili, msimrundikie picha za makaburi na vicheko. Mara nyingi hilo ni bandiko lake la kwanza maishani mwake hapo, na amefanya kile ambacho tunawaambia wageni kila siku: ametafuta kabla ya kuuliza. Tukimcheka kwa kutafuta na tukimkemea kwa kutotafuta, atajifunza tu kunyamaza. Mwandikieni: "Karibu ndugu. Uzi huu ni wa zamani na wahusika hawapo tena. Fungua mpya, taja aina ya kifaa na vipimo, tutakusaidia." Kisha msaidieni kweli. Na mtu mmoja akishamwambia, inatosha. Kila anayeongeza "angalia tarehe, mkuu" anaupandisha uzi tena juu, yaani anafanya kilekile anachokikemea.

Msimamizi ana zana nzuri kuliko kufuli. Anaweza kuyatenganisha mabandiko mapya yakawa uzi wao wenyewe, akaweka linki ya kwenda na ya kurudi, na aliyeuliza asipoteze kitu. Mimi hufunga uzi pale tu unapovuta ugomvi au matangazo ya ulaghai. Uzi wa maarifa nauacha wazi, maana siwezi kujua ni nani atakayekuja mwakani akiwa na jibu ambalo sisi sote tulilikosa. Majukwaa yanayofunga kila kitu baada ya miezi michache yanapata utulivu, lakini makosa yaliyomo humo hayapati tena wa kuyasahihisha.

Ukishatuma, usiondoke. Washa arifa za uzi huo, maana umewaita watu na baadhi yao watakuuliza swali. Yasome tena maneno yako baada ya siku moja au mbili. Ukikuta watu wameanza kulijibu swali la kwanza la 2015, hariri bandiko lako na uweke mwaka kwa herufi nzito mwanzoni kabisa.